Uvimbe Uliokuwa na Masikio

Bibi yenu alipasuliwa Bunda, na kipande cha utumbo kilichokatwa tumboni mwake nilikabidhiwa mimi, mumewe, kikiwa ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko cha kuzungusha. Niliagizwa nikifikishe Musoma siku hiyo hiyo. Sikukifikisha. Nilikizika nyumbani Butiama, na kwa muda wa miezi mitatu nikawaambia watu kwamba nimekipeleka. Huo ulikuwa uongo, na uandikwe hivyo hivyo. Mjukuu anayeyaandika maneno haya amesimamisha kalamu mara mbili akinitazama. Nimemwambia kwamba aliitwa kuandika, hakuitwa kunitazama.

Mimi sikusoma. Wenzangu walipokuwa wakifuata mwalimu, mimi nilikuwa nikifuata ng'ombe wa baba yangu, na sijaliona hilo kuwa aibu. Mikono yangu huchonga mipini ya majembe na ya mashoka, na watu hutoka mbali kuifuata. Nalitaja jambo hili ili msomaji amjue mtu anayemsifu mwanamke nitakayemweleza hapa chini. Mimi si mwepesi wa kusifu. Watoto wangu ni mashahidi, na baadhi yao bado wananinunia kwa sababu hiyo.

Ugonjwa wa bibi yenu ulianza kwa joto. Angekuwa ameketi akichambua mboga, hana hasira wala hajala pilipili, mara uso na shingo vinamwaka kama mtu aliyeinamia chungu, jasho linamtiririka, na kabla hajajifuta tumbo linamkimbiza nje. Siku nyingine kifua kilimlia kama filimbi. Tulitibu malaria ambayo haikuwapo. Tulitibu taifodi, tukatibu minyoo, tukatibu vidonda vya tumbo. Mimi nami nilitoa tiba yangu: nilimwambia apunguze hasira. Alinijibu kwamba kama hasira yake ingekuwa na moto wa kiasi hicho, angekuwa ameacha kwenda kuokota kuni tangu mwaka nilipomwoa.

Hali hiyo iliendelea hadi utumbo ulipoziba. Alitapika siku mbili mfululizo, tumbo likajaa likawa gumu, tukamkimbiza Bunda. Daktari aliyempasua alikuwa mtu mfupi wa maneno machache, na kwa hilo nilimheshimu. Alinieleza kwamba ndani ya utumbo mwembamba alikuta uvimbe wa ukubwa wa yai la kanga, akaukata pamoja na kipande cha utumbo kilichoushika, akaunganisha ncha mbili zilizobaki. Juu ya ini aliona chembechembe kama za mtama, nyingi, ambazo kisu hakiwezi kuzimaliza. Kisha akanipa kopo lile na barua.

Akaniagiza mambo matatu. Nisilifungue. Nisiliweke juani. Nilipeleke leo hii Musoma, kwenye maabara, kwa daktari anayesoma nyama kwa darubini. Hospitali ile haikuwa na mtu wa kutuma, na ndugu wa mgonjwa ndio waliokuwa wakipeleka vipande. Nikaitikia yote matatu.

Sasa msomaji aelewe jambo la ukoo wetu. Kwetu, kitu kilichotoka katika mwili wa mtu hakiachwi mikononi mwa wageni. Kitovu cha mtoto huzikwa nyumbani. Kaka yangu alipokatwa kidole na mashine ya kuchambua pamba, mimi ndiye niliyekwenda Bunda kukichukua kiwandani, nikakileta kikiwa kimefungwa ndani ya pamba ile ile, nikakizika kabla jua halijatua. Hakuna aliyeniambia kwamba nimekosea. Mtu asiyezika kilicho chake, wazee walisema, amekiacha kizurure.

Kwa hiyo nilipopanda gari na kopo lile mapajani, mawazo mawili yalikuwa yakishindana. Moja lilisema: umeagizwa. La pili lilisema: huyu ni mke wako, nusu yake moja iko wodini na nusu nyingine unaipeleka kwa watu usiowajua, wakaikatekate na kuitupa. Ugonjwa umekwisha kukatwa, watautafutia nini tena? Nilipofika Makutano, mahali ambapo mtu wa Musoma huendelea na mtu wa Butiama hushuka, nilishuka.

Nilichimba nyuma ya zizi, upande wa mashariki, kina cha mkono mmoja. Kopo sikulifungua. Nilikuwa nimeagizwa nisilifungue, na mimi hutii maagizo. Nililivingirisha kwenye kipande cha kitenge chake, nikalifukia, nikasali, nikanawa mikono. Barua niliiweka mfukoni mwa koti langu la kanisani.

Bibi yenu alipotoka wodini alikwenda kuuguzia kidonda Buhare, pembeni mwa mji wa Musoma, nyumbani kwa binti yetu mkubwa. Binti huyo aliniuliza kama kipande nimekipeleka. Nikasema nimekipeleka. Akaniuliza majibu yatatoka lini. Nikasema wakubwa hawaharakishwi. Kidonda kikapona vizuri, tukamshukuru Mungu.

Joto likarudi. Lilirudi kwa nguvu kuliko mwanzo, mara sita, mara saba kwa siku, na kila lilipopita lilimwacha amekaa ukutani kama nguo iliyoanguka kwenye kamba. Alikonda hadi pete ikawa inazunguka kidoleni. Mwezi wa tatu nilimrudisha Bunda. Daktari yule alimpima, akamwomba atangulie nje na binti yetu, akafunga mlango, akaniuliza majibu ya Musoma yako wapi.

Akachukua simu, akapiga Musoma mbele yangu, akauliza, akasubiri, akashukuru, akaiweka simu mezani. Hawakuwahi kupokea kipande hicho.

Ndipo akanieleza alichokuwa akikisubiri. Iko sindano, alisema, inayochomwa mara moja kwa mwezi. Inaweza kulituliza joto lile na kuzizuia zile chembechembe za kwenye ini zisikue haraka. Lakini haifanyi kazi kwa kila uvimbe. Inafanya kazi kwa uvimbe wenye vipokezi vyake, na vipokezi hivyo havionekani kwa macho wala kwa kisu, vinaonekana maabara tu. Dawa yenyewe ni adimu, inaagizwa kwa jina la mgonjwa, na haiagizwi bila barua ya maabara. Angeweza kuchoma sindano kwenye ini ili kupata kipande kingine, lakini mwili wa bibi yenu ulikuwa umechoka, na uvimbe wa namna ile ukichokozwa unaweza kumwaga sumu zake zote kwa pamoja. Aliogopa. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mganga wa kisu akitamka neno hilo.

Nikamweleza. Nilisimama nikamweleza, kwa sababu jambo kama hilo halisemwi mtu akiwa amekaa.

"Ulikizika," alisema.

"Nilikizika."

"Ulikifungua?"

"Hapana. Uliniambia nisifungue."

"Kwa hiyo ulikizika na kopo lake? Na dawa yake ya kuzuia kuoza ndani?"

"Kama ulivyonipa."

Aliinua faili akaliweka mbele ya mdomo wake kwa muda. Mpaka leo sijui kama alicheka au aliomba. Alipolishusha alikuwa na uso wa kawaida. "Mzee," akasema, "nenda ukakifukue. Na safari hii usishuke Makutano."

Kufukua kilichozikwa ni jambo zito kuliko kuzika. Sikumwita mtu. Nilikwenda nyuma ya zizi asubuhi, nikaiomba ardhi radhi kwa maneno ambayo sitayarudia hapa, nikaanza kuchimba. Nilidhani nakumbuka kina. Mvua zilikuwa zimeshindilia udongo, nikakosea, na pigo la tatu la jembe likagonga kifuniko. Nilisikia plastiki ikipasuka. Niliitoa mikono kwenye mpini, mpini niliouchonga mwenyewe, nikachimbua kwa vidole.

Kopo lilikuwa na ufa upande mmoja, na dawa ilikuwa ikivuja ikiwasha macho. Nililigeuza ufa ukawa juu. Nikaufunga kwa mpira wa tairi la baiskeli, mizunguko mingi, nikaliweka wima ndani ya ndoo, nikaondoka hata chai sijanywa. Njiani niliyajua mambo mawili tu: kwamba ndani ya ndoo ile kulikuwa na maisha ya mke wangu, na kwamba aliyeyapasua kwa jembe ni mimi.

Sasa nafika kwa mwanamke ninayetaka kumsifu.

Ni mtu wa umri wa kitindamimba wangu. Alizaliwa na wavuvi wa kisiwa cha Rukuba, akasoma mpaka mahali ambapo shule zinaishia, akarudi Musoma kukaa kwenye chumba kimoja chenye mashine tatu na kabati. Kazi yake ni kutafuta vipokezi vya homoni katika saratani za tumbo na za utumbo: uvimbe upi unavyo, uvimbe upi hauna, na viko sehemu gani. Alinisalimia kwa adabu, "Shikamoo mzee," akaipokea ndoo kwa mikono miwili. Nikampa barua. Akaisoma tarehe yake, akanitazama, akaisoma tena.

Nilijiandaa kukaripiwa. Nilistahili, na ningevumilia. Hakunikaripia. Alivuta kiti akaanza kuniuliza, na kila jibu akaliandika. Kopo lilikaa kwenye gari muda gani? Lilikaa kivulini? Udongo ulikuwa wa mchanga au wa mfinyanzi? Ulikuwa mkavu au wenye maji? Ufa ulitokea lini, na tangu hapo kopo lililala au lilisimama? Nimewahi kusimama mbele ya mahakimu wawili katika kesi za mipaka ya shamba, na hakuna aliyeniuliza vizuri namna ile. Alikuwa hatafuti kosa langu. Alikuwa akitafuta kilichobaki.

Kisha akalifungua kopo ndani ya sanduku la kioo linalovuta harufu, akanionyesha kutoka upande wa pili. Upande wa juu wa kile kipande, ulioachwa na dawa, ulikuwa umekauka na kubadilika rangi. Upande wa chini ulikuwa bado umelala ndani ya dawa.

"Huku juu kumeharibika," alisema. "Huku chini hakujaoza, lakini kumekaa mno ndani ya formalini. Dawa hii inagandisha nyama isioze, ni sawa. Ila ikizidi siku zake, inaziba vipokezi. Vinakuwepo lakini vimezibwa."

Nikamuuliza hivyo vipokezi ni kitu gani, kwa kuwa nilikuwa nimechoka kusikia jina la kitu kinachoamua uhai wa mke wangu bila kukijua.

Akafikiri kidogo. "Mzee, una ng'ombe wangapi?"

"Ng'ombe hawahesabiwi mbele ya wageni."

"Basi, wachache," akasema, na nikaona anazuia kicheko. "Wana majina?"

"Wote."

"Wakiwa malishoni ukamwita mmoja kwa jina lake, wangapi wanainua kichwa?"

"Mmoja."

"Wengine hawasikii sauti?"

"Wanaisikia. Si jina lao."

Akasema mwili nao huita. Homoni ni wito, kitu kidogo mno kinachosafiri ndani ya damu na kupita kila mahali, lakini anayeinua kichwa ni yule mwenye sikio la wito huo. Sikio hilo ndilo kipokezi, na limekaa ukingoni mwa seli, zile chembe ndogo ambazo mwili wote umejengwa kwazo. Uvimbe wa bibi yenu ulikuwa unamwaga wito wake ovyo, ndiyo maana uso uliwaka na tumbo likakimbia. Iko homoni nyingine ambayo kazi yake ni kutuliza, kuliambia tumbo na utumbo: inatosha. Ile sindano ni mwigo wa sauti hiyo. Uvimbe wenye sikio lake utaisikia na kunyamaza. Usio na sikio, hata ukichomwa kila siku, ni sawa na kumwita ng'ombe wa jirani. Na saratani nyingi anazoziona za tumbo na za utumbo mpana, alisema, sikio hilo hazina.

"Na huyu wangu?"

"Sijui, mzee. Ndiyo kazi niliyo nayo."

Alinipa siku ya kurudi. Nikamwambia sitarudi, nitakaa. Akasema kazi ni ya siku nyingi. Nikamwambia Buhare si mbali. Basi akaniachia benchi mlangoni, penye kidirisha, nikawa nafika kila asubuhi kama mwajiriwa, na kwa njia hiyo niliiona kazi yake tangu mwanzo hadi mwisho.

Nyama ile aliipitisha kwenye maji makali ya aina kadhaa hadi unyevu wote ukatoka, akaizamisha kwenye nta ya moto, ikapoa ikawa kijitofali cheupe. Kijitofali hicho akakifunga kwenye mashine yenye wembe na gurudumu la kuzungusha kwa mkono. Kila mzunguko mmoja, wembe ulitoa utando mwembamba. Mimi nimechonga mbao miaka zaidi ya hamsini, na najua namna chuma kinavyoumega mti: ukichonga nyembamba sana, ganda hujikunja na kupasuka. Maganda yake hayakujikunja. Yalitoka yakishikana moja baada ya jingine kama utepe, mepesi kiasi kwamba alijizuia kupumua. Aliyaweka juu ya maji ya vuguvugu yakatanuka yenyewe, akayaopoa kwa kipande cha kioo. Lile lililokuwa na mkunjo hata kidogo alilitupa. Nilimwona akitupa tisa ili abaki na moja. Fundi anayejua kutupa ndiye fundi.

Baada ya hapo zilikuja dawa mbili za kupimia. Ya kwanza hujua kulishika sikio lile peke yake na si kitu kingine chochote. Ya pili huifuata ya kwanza, na pale inapokwama huacha rangi ya kahawia. Kando ya kioo cha bibi yenu aliweka kioo cha mtu mwingine ambaye masikio yake yanajulikana, ili kama dawa imelala, ijulikane kwamba imelala.

Siku ya majibu alikaa kwenye darubini muda mrefu. Niliona mgongo wake tu. Alipotoka alikuja kukaa nami kwenye benchi.

"Kioo cha shahidi kimeonyesha rangi," alisema. "Cha bibi hakijaonyesha kitu."

Nikainuka. Nikamwambia asante, kwamba nimesikia, kwamba hukumu ni ya haki, na nikaanza kutafuta kofia yangu.

"Kaa, mzee."

Hakuna mtu wa umri ule aliyewahi kuniambia kaa. Nilikaa.

"Sijasema hakuna. Nimesema sijaona. Ndani ya kipande chake kuna sehemu ya utumbo mzima, isiyo na ugonjwa. Hapo ziko seli ambazo kila mtu anazo, na lazima ziwe na masikio. Nazo hazijaonyesha rangi. Unanielewa? Shahidi wa ndani ya nyumba yake mwenyewe amenyamaza. Kwa hiyo ni kipimo kilichoshindwa kusema. Uvimbe bado hatujausikia."

Nilielewa. Nimekaa kwenye mabaraza ya ukoo, nimeona mtu akihukumiwa kwa sababu shahidi wake alikuwa hana sauti siku hiyo. Wakubwa kuliko yeye, wenye mvi, wangeandika hakuna na kwenda kula.

Yeye alisema ile miezi mitatu ya formalini ndiyo iliyoziba. Akachukua sufuria ya mvuke yenye kifuniko cha kukaza, sawasawa na ile ambayo binti yangu huchemshia maharage, akaijaza maji yenye dawa, akavichemshia humo vioo vipya. Alichemsha kwa muda mrefu kuliko desturi yake, kwa sababu kila anayejua sangara mkavu anajua kwamba aliyekaa chumvini mwaka mzima hachemshwi sawa na wa juzi. Huo mfano ni wake, binti wa wavuvi. Vioo vya kwanza viling'oka nyama kwa mchemko, akavitupa. Akakata vingine. Alifanya hivyo mara tatu katika siku tano, na siku ya tano nilimwona akila mkate akiwa amesimama, macho yakiwa kwenye saa ya ukutani.

Mara ya tatu hakuja kwenye benchi. Alimwita kwanza mwenzake wa chumba cha pili, akamkalisha kwenye darubini bila kumwambia alichokiona yeye, akasimama mbali, mikono nyuma. Mwenzake akatazama, akasogeza kioo, akatazama tena. Akasema neno moja ambalo sikulisikia. Ndipo mlango ukafunguliwa, nami nikaitwa.

Alinishushia kiti, akanionyesha pa kuweka jicho. Mwanzoni niliona kope zangu tu. Kisha nikaona duara la mwanga, na ndani yake seli za mke wangu, zimejaa kama punje kwenye bunzi la mahindi, na kila punje imezungushiwa ukingo wa kahawia. Si katikati. Ukingoni, kila mmoja, kama mtu aliyepaka rangi milango yote ya kijiji. Akasogeza kioo mpaka kwenye utumbo mzima: hapo kahawia ilikuwa mojamoja, mahali pake. Akaweka kioo cha mgonjwa mwingine, saratani ya tumbo, ambacho hakuniambia ni cha nani: seli zilikuwa nyingi na za hovyo, na hakuna ukingo hata mmoja uliokuwa na rangi. Nilikitazama hicho kuliko nilivyokitazama cha kwetu. Kuna nyumba mahali fulani iliyokuwa ikisubiri kioo hicho.

"Wa bibi unasikia," akasema. "Nitaandika barua."

Nilitaka kusema jambo kubwa. Nilichosema ni kwamba mpini wa ile mashine ya kukatia umelegea, na nikaomba niuchonge upya. Alikubali. Upo mpaka leo, na nadhani alinielewa.

Lilibaki jambo moja ambalo barua haikuweza kulimaliza. Nilirudi Buhare nikamkuta bibi yenu kitandani, joto limetoka kumpita, anajipepea kwa kifuniko cha ndoo. Nikamwambia kwamba uvimbe wake una masikio, kwamba sindano itaagizwa. Halafu nikamwambia kwa nini majibu yalichelewa miezi mitatu, na kwamba joto lote alilolipata katika miezi hiyo lingeweza kupungua kama ningeendelea na safari yangu mpaka Musoma.

Alikiweka kando kile kifuniko.

"Ulinizika wapi?" akauliza.

"Nyuma ya zizi."

"Upande upi?"

"Wa mashariki."

"Na wewe ulikuwaga unapita hapo kila asubuhi ukienda kukamua."

"Nilipita."

"Ulikuwaga unanisalimia?"

Akacheka, kicheko kidogo kilichomuuma kovu, akalishika kwa kiganja. Kisha kicheko kikaisha, na alichosema baada ya hapo alikisema bila kunitazama.

"Baba, huo utumbo ulikuwaga wangu. Daktari alikupa wewe, wewe ukaamua. Mimi hakuna aliyeniuliza, wala yeye, wala wewe. Siku nyingine uniulize."

Tulikuwa tumeishi pamoja tangu tukiwa vijana, na katika maisha hayo yote nilikuwa nimeuza, nimenunua, nimeoza mabinti na nimehama, na sikumbuki kama neno hilo, kumuuliza, liliwahi kunijia. Sikumwomba radhi kwa maneno. Nilimletea maji.

Sindano ya kwanza ilichomwa Bunda. Haikuwa muujiza, na sitaki mtu aisimulie kama muujiza. Mwezi wa kwanza joto lilipungua nusu. Mwezi wa tatu zilipita siku nne bila joto, akaanza kudai ugali wa mtama na samaki, na pete ikaacha kuzunguka. Daktari ametuambia wazi kwamba chembechembe za kwenye ini bado zipo. Zimekaa, hazijaongezeka, na hakuna anayejua zitakaa muda gani. Bibi yenu anasema hata yeye hajui atakaa muda gani, na hakuwahi kujua, hata alipokuwa mzima.

Baada ya sindano ya nne alitaka kumwona mwanamke aliyemsoma kwa darubini. Nikampeleka Musoma. Walishikana mikono kwa muda mrefu mlangoni pa maabara, wakaulizana za Rukuba na za Butiama, na mimi nikaenda kuangalia mpini wangu.

Niliporudi, yule binti wa wavuvi alikuwa ameshika kijitofali cha nta mkononi, ndani yake doa dogo la rangi ya majivu. Alinigeukia mimi, kama watu wote wanavyofanya wanapokuta mume na mke. Alisema angeomba kukihifadhi kabatini pamoja na vingine anavyovilinganisha, kwa kuwa kesho inaweza kutoka dawa nyingine na litakuja swali jingine, na kipande kilichotunzwa kwenye nta kitaweza kujibu. Lakini anajua desturi yetu. Kama nataka kukizika, atakitoa.

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa limekwisha kufika ulimini.

"Muulize mwenyewe," nikasema. "Yuko hapo."

Bibi yenu alikichukua kijitofali, akakigeuza kwenye mwanga, akauliza kabati hilo lina joto au baridi, na kama wale wengine waliomo ni wanawake au wanaume, na nani ana ufunguo. Alipewa majibu yote. Akaanza kuuliza mengine. Mimi nikatoka nikakaa kwenye benchi langu kusubiri atakachoamua.